Kuroga mbele za watu bila kushtukiwa kwenye Dungeons & Dragons

Huu ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na mezani kwetu kuna jamaa anacheza bardi, yaani mwanamuziki anayeroga, na kila tukiingia kwenye ukumbi wa mtu mkubwa lazima aseme "namroga huyo kapteni kimya kimya". DM, yule anayeendesha mchezo, anamuuliza kimya kimya kivipi, jamaa anajibu si kimya kimya tu, nanong'ona, DM anamwambia kuna walinzi wanne hapo, jamaa anasema basi nageukia ukutani, na hapo ndo mabishano yameanza, nusu saa nzima, chai imepoa, vitumbua vimeisha, kapteni wa watu kasimama mlangoni bado anasubiri kurogwa. Nimechoka. Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua namna ya kurusha speli mbele za watu bila kushtukiwa, kwa wanaocheza toleo la tano, vitabu vya 2014 na vile vilivyofanyiwa marekebisho 2024, maana kuna sehemu zinatofautiana na ukichanganya unanaswa kwa sheria ambayo hata hukujua ipo.

Nitasema speli, neno uchawi nitalikwepa kidogo. Siku moja tulikuwa tunacheza sebuleni, madirisha wazi kwa ajili ya joto, mwenzetu akapaza sauti "nishamroga mlinzi, mmalizeni upesi kabla hajazinduka!" Jirani alikuwa anaanua nguo. Mpaka leo akitusalimia anasalimia kwa mbali.

Hatua ya kwanza: wajue wambea wako watatu

Chini ya jina la kila speli kitabuni kuna mstari wa vitu inavyohitaji, umeandikwa kwa herufi V, S na M. V ni mdomo, maneno ya kunuizia. S ni mkono, zile ishara unazochora hewani. M ni kitu unachotakiwa uwe nacho, na waganga wa kwetu wana neno lake zuri tu, kizimba: manyoya kidogo, ulimi wa nyoka, kipande cha waya wa shaba, inategemea na speli. Hao watatu ndo wambea wako. Kitabu cha Xanathar's Guide to Everything cha 2017 kimelimaliza hili, kinasema ili mtu agundue kwamba unarusha speli lazima iwe na angalau mmoja kati ya hao. Ukiwaondoa wote watatu hakuna cha kugundua, hata mtu awe na macho ya mwewe, na kama speli ina matokeo yanayoonekana, tuseme pazia limeshika moto, watu wataona moto wenyewe ila kwa kawaida hawana njia ya kujua umetoka kwa nani.

Sasa kuna kitu watu wanachanganya. Kuona kwamba mtu anarusha speli ni jambo moja, kujua ni speli gani ni jambo lingine. Kwa hicho hicho kitabu, anayetaka kuitambua anatumia reaksheni yake (kitendo cha ghafla) wakati unarusha, au akisheni yake (kitendo kikuu cha zamu yake) baadaye, anatupa dadu ya ujuzi wa Arcana, yaani elimu ya uchawi, na anatakiwa afikishe 15 kujumlisha leveli (daraja) ya speli. Charm Person, ya kumfanya mtu akuone rafiki, ni leveli 1, kwa hiyo 16, Suggestion, ya kumshawishi mtu afanye unalomwambia, ni leveli 2, kwa hiyo 17. Mlinzi wa kawaida hafiki huko. Ila usifurahi mapema, mlinzi hahitaji cheti cha uganga, akiona mgeni ananuiza maneno ya ajabu huku amemkodolea macho bosi wake upanga unatoka tu, mambo ya leveli mtaongelea gerezani.

Hatua ya pili: chukua kalamu, pitia speli zako moja moja

Hii watu wanairuka na ndo ya maana kuliko zote. Chukua karatasi ya mhusika wako, kando ya kila speli andika wambea wake. Utashangaa. Wengi tunadhani speli za kulaghai ndo za siri na za kupigana ndo za kelele, kumbe Charm Person ina mdomo na mkono wote, wakati Hypnotic Pattern, ambayo inaweza kuduwaza ukumbi mzima, haina mdomo kabisa, ni mkono na kizimba tu. Minor Illusion nayo haina mdomo. Friends haina mdomo. Counterspell, ya kuzuia speli ya mwenzako, ni mkono peke yake, kwa hiyo yule anayesema "nitaweka Silence ya kufuta sauti halafu mchawi wao hataweza kunizuia", pole, Silence inafunga midomo tu, mkono wake uko huru.

Upande wa pili kuna zile za mdomo bila mkono: Command, Misty Step, Healing Word, Dissonant Whispers, Dimension Door. Hizi ni nzuri ukiwa umefungwa kamba, kwa Misty Step au Dimension Door unatoweka na kuwaachia kamba zao, ila kwenye chumba kimya zinakuchoma mara moja.

Kwa hiyo ukichagua speli za mhusika wa kazi za siri, anza na zisizo na mdomo. Mimi kila nikitengeneza mhusika mpya Minor Illusion inaingia kabla hata sijampa jina.

Hatua ya tatu: mdomo ndo adui mkubwa, mpangie yeye kwanza

Kitabu cha wachezaji kinasema maneno ya speli ni ya kunuiza na nguvu inatokana na mpangilio wa sauti, mlio wake na mwangwi wake. Cha 2024 kimeongeza kwamba yatamkwe kwa sauti ya kawaida ya kuongea, ila cha 2014 hakisemi ni kwa ukubwa gani. Humo kwenye huo upenyo ndo bardi wetu anapojipenyeza na "nanong'ona" yake, na sisemi hana hoja kabisa, ila DM wengi wanahesabu ni sauti ya kawaida ya mtu anayeongea, na mimi niko upande wao, maana kama kunong'ona kungetosha basi yule sorsera, mrogaji wa kuzaliwa anayelipa pointi ili asisikike (tutamfikia hatua ya nne), analipia nini?

Kama DM wenu anakubali kunong'ona, muombe mtumie namba za kwenye ile skrini ya DM. Pale kuna jedwali la umbali wa kusikika: mtu anayejitahidi kuwa kimya anasikika futi 2d6 (jumla ya dadu mbili za pande sita) mara 5, sauti ya kawaida futi 2d6 mara 10, kelele kubwa 2d6 mara 50. Piga hesabu uone ilivyo mbaya. Charm Person inafika futi 30, kama mita 9. Ukinong'ona kutoka futi 30, yule unayemlenga anakusikia kila 2d6 ikitoka 6 au zaidi, na hiyo ni mara 26 kati ya 36. Kwa sauti ya kawaida ni mara 35 kati ya 36. Yaani kunong'ona kwenyewe kunakupa nafasi ya kutosikika chini ya theluthi. Ila aliyekaa futi 50 kutoka kwako anakusikia mara 6 tu kati ya 36, kwa hiyo mnong'ono unakuficha na watu wa mbali, haukufichi na mtu unayemroga, hilo uliweke kichwani. Sorsera mwenye mbinu ya Distant Spell anaweza kulipa pointi 1 na kuzidisha umbali mara mbili, Charm Person ikafika futi 60, na hapo mnong'ono unasikika ikitoka 12 tu, mara 1 kati ya 36. Watu wengi hawajawahi kuifikiria hiyo, wanadhani Distant ni ya vita.

Halafu kuna hii ya Suggestion. Jamaa zangu wengi wanaamini kwamba lile ombi unalomwambia mtu, "si ungeenda tu kupumzika mzee, sisi tutalinda lango", ndo lenyewe maneno ya speli, kwa hiyo ni kama mazungumzo ya kawaida. Hapana. Ufafanuzi rasmi wa watengenezaji umesema wazi, maneno ya speli ni ya kunuiza, yanatangulia, na ombi linafuata baadaye kwa lugha ya kueleweka. Kwa hiyo unaanza kubwabwaja kama umepagawa afu ndo unamwambia akapumzike. Mlinzi wa kwanza haoni tatizo, ameshalaghaiwa. Mwenzake pembeni je?

Njia za kumshinda mdomo bila nguvu za ziada ni hizi, na zote zinataka upange mapema.

Tafuta kelele. Harusi, soko, karamu ya mfalme ngoma zikiwa zimekolea, mvua ya radi, mahubiri. Kama hakuna kelele, itengeneze. Rafiki yako wizadi, mrogaji wa vitabuni, anarusha Minor Illusion, haina mdomo, inatoa sauti yoyote kuanzia mnong'ono mpaka ukelele, kwa dakika 1, mpaka futi 30. Mbwa wanabweka kule nyuma ya mapipa, watu wanageuka, wewe ndo unanuiza. Speli ya Magic Mouth inafanya kazi hiyo hiyo ila unaitega mapema kwenye kitu, sanamu au mlango, unaipa maneno mpaka 25 na sharti la kuanza kuongea, afu unaondoka zako unaenda kukaa na watu wenye heshima zao. Sanamu likianza kumtukana mfalme, niambie nani atakuwa anakuangalia wewe.

Rusha kabla ya kuingia. Hii ni rahisi mpaka inaudhi, watu wanaisahau kila wiki. Disguise Self inadumu saa 1, Enhance Ability inadumu mpaka saa 1 ukishikilia umakini. Nenda kazirushe nyuma ya zizi la farasi, nuiza kwa sauti ya muadhini ukitaka, afu ingia ukumbini ukiwa tayari. Detect Thoughts ni dakika 1 tu, kwa hiyo unairusha nje ya mlango, unafuta jasho, unagonga hodi, na ukipokewa vizuri umebaki na nusu dakika hivi ya kusikiliza vichwa vya watu. Rogi (mwizi mjanja) wa aina ya Arcane Trickster naye asijisahau: ule mkono wake wa Mage Hand hauonekani, sawa, lakini kuuita bado kunataka mdomo na mkono, kwa hiyo auite kichochoroni kwanza, ana dakika 1 ya kuchomoa funguo kwenye mfuko wa mtu.

Tega, uondoke. Glyph of Warding inachukua saa nzima kuiandika na inakula unga wa almasi wa dhahabu 200, si ya kila siku, ila ikishaandikwa unaweza kuwa unakula pilau mtaa wa pili speli inapolipuka. Usiiweke kwenye kitu cha kubebwa, kikisogezwa zaidi ya futi 10 kutoka ulipoiandikia imekufa.

Jifiche. Hapa 2024 wameleta kitu kizuri. Kwa sheria mpya, ukiwa umejificha vizuri, maficho yanavunjika ukitoa sauti inayozidi mnong'ono, adui akikuona, ukishambulia, au ukirusha speli yenye mdomo. Soma tena hiyo ya mwisho. Yenye mdomo. Ina maana ukiwa nyuma ya nguzo ukarusha Hypnotic Pattern au Minor Illusion, bado umejificha. Hapo ndo ile orodha ya hatua ya pili inapolipa.

Hatua ya nne: kama una namna ya kufuta wambea, ijue bei yake

Njia safi kuliko zote ni Subtle Spell ya sorsera. Analipa pointi 1 ya usorsera, mdomo na mkono vinafutika. Pointi anazo sawa na leveli yake, wa leveli 5 ana 5, zinarudi akilala usiku mzima. Kwa vitabu vya 2014 anaanza kuchagua mbinu hizi leveli 3, kwa 2024 ni leveli 2.

Angalia hapa lakini, maana nimeona watu wakilia. Kwa 2014 Subtle inafuta mdomo na mkono tu, KIZIMBA KINABAKI. Charm Person haina kizimba, kwa hiyo ukiipitisha Subtle inakuwa safi kabisa, mtu anakunywa divai yake, wewe unatabasamu, basi imeisha. Suggestion ina kizimba, ulimi wa nyoka pamoja na sega la asali au tone la mafuta matamu, kwa hiyo bado lazima uwe umeshika hivyo vitu au ile fimbo au kioo chako cha kichawi, na mtu mwenye macho ataona. Kwa 2024 wamelegeza, Subtle inafuta na kizimba pia, isipokuwa kile chenye bei iliyotajwa au kinachoteketea. Kabla ya kikao uliza mnatumia kitabu gani. Swali la sekunde 5.

Faida nyingine ya Subtle ni kwamba Counterspell inamtaka adui akuone unarusha, ndani ya futi 60. Hakuna cha kuona, basi hakuna cha kuzuia. Wizadi wa adui anabaki amekaa na reaksheni yake mkononi kama tiketi ya basi lililoshaondoka.

Wasio masorsera nao wana milango. Kuna fiti (kipaji cha ziada) ya Metamagic Adept kwenye Tasha's Cauldron of Everything ya 2020, inakupa mbinu mbili za sorsera kama Subtle na pointi 2 za kuzitumia, na anayeweza kurusha speli wa aina yoyote anaweza kuichukua. Kwenye kitabu hicho hicho kuna Telepathic, inakupa Detect Thoughts mara moja kwa siku bila mdomo, mkono wala kizimba, na juu yake unaongea na mtu kichwani mpaka futi 60. Telekinetic inakupa Mage Hand isiyotaka maneno wala ishara na mkono wenyewe unaweza usionekane. Sorsera wa aina ya Aberrant Mind akifika leveli 6 anarusha zile speli zake za akili kwa pointi bila mdomo wala mkono. Na kwa 2024, waloki (mrogaji aliyepewa nguvu kwa mkataba) wa aina ya Great Old One anarusha speli za kulaghai na za mazingaombwe bila mdomo wala mkono na halipi hata senti, kuanzia leveli 3, wakati wizadi wa aina ya Illusionist anarusha za mazingaombwe bila mdomo. Ukiniuliza mimi, huyo waloki wamempendelea, ila sitalalamika mpaka nimcheze kwanza.

Hatua ya tano: mkono na kizimba, elewana na DM mapema

Kwa mkono na kizimba kitabu hakina sheria ya kujificha, hakuna mahali pameandikwa "tupa dadu ufiche ishara". Hapo ni DM. Msimuulizie katikati ya hatari, muulizeni kabla, mkiwa mnapanga viti.

Kwetu tulikubaliana hivi, chukueni au muache. Mkono unaweza kufichwa ukiwa na kitu cha kuufichia: meza, joho pana, umati, shali, mwenzako amesimama mbele. Unatupa dadu ya wepesi wa mikono dhidi ya Pasepsheni (uwezo wa kugundua mambo) ya wale wanaokuangalia. Ukishindwa speli inatoka vile vile, ila umeonekana. Kizimba kinafichika kama ni kitu ambacho mtu wa aina yako angekuwa nacho mkononi hata hivyo, mzee na mkongojo wake, bardi na kinubi chake. Mdomo haufichiki kwa dadu, unafichika kwa kelele au umbali tu. Tuliweka hivyo makusudi, maana dadu moja ikifuta wote watatu bure, sorsera wetu anayelipa pointi angefungasha akaenda kucheza drafti.

Jamaa yetu wa bardi alilalamika wiki mbili. Afu ikaja karamu ya bwana mmoja wa ngome, na nataka niisimulie maana ndo mara ya kwanza hii kitu ilienda kama inavyotakiwa.

Tulitaka msimamizi wa ngome atuambie mateka wako chumba gani. Yuko meza kuu, bwana wake kushoto, mlinzi nyuma. Bardi akaomba kupiga muziki, akaruhusiwa, kwa hiyo kinubi kiko mkononi kihalali, kizimba kimemalizwa. Alikuwa anataka Suggestion, ambayo haina mkono, kwa hiyo mmbea aliyebaki ni mdomo peke yake. Rogi wetu akaenda jikoni, akarudi na sinia la vikombe, akajikwaa. DM akamwambia atupe dadu aone anajikwaa kwa kelele kiasi gani, ikatoka 19, tukacheka mpaka basi, ukumbi mzima ukageuka, wengine wanapiga makofi, bwana wa ngome anatukana. Katikati ya hiyo zogo bardi kanuiza maneno yake akiwa ameinama kama anakaza nyuzi, mlinzi DM akamtupia dadu ya Pasepsheni, ikatoka 7, hakusikia kitu. Halafu, kelele ilipotulia, bardi akasogea akiwa anapiga wimbo wa taratibu akamwambia msimamizi, "mzee wangu, umechoka, nipeleke niwapigie na wale wa chini wimbo mmoja, nao ni binadamu". Msimamizi akainuka mwenyewe na funguo zake. Hamna aliyetoa upanga. Wala hatukubishana hata dakika.

Hatua ya sita: fikiria kesho asubuhi

Hapa ndo nilipoumia mimi binafsi. Kurusha bila kuonekana ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni huyo mtu atakumbuka nini. Nilikuwa na sorsera, nina Subtle, najiona mjanja, tukafika lango la mji na mizigo ambayo sitaitaja, afisa wa ushuru anataka kufungua masanduku. Charm Person, pointi 1, safi, hakuna aliyeona kitu, afisa akanikumbatia kama shemeji yake, tukapita. Saa 1 baadaye speli ikaisha. Na Charm Person imeandikwa wazi, ikiisha mtu anajua kwamba ulimroga. Anajua ni WEWE. Jioni yule yule picha yangu ilikuwa imebandikwa kwenye kila lango, na tuliishi kwenye mtaro wa maji machafu vikao vitatu.

Kwa hiyo soma mistari ya mwisho ya speli kabla ya mistari ya kwanza. Friends inadumu dakika 1 na ikiisha mlengwa anajua, kwa sheria za 2014 anakuwa adui kabisa. Detect Thoughts, ukisikiliza mawazo ya juu juu tu hashtuki, ukijaribu kuchimba zaidi anajua kuna mtu kichwani mwake hata kama ameishinda speli. Suggestion haijaandikwa popote kwamba anajua, anaweza kubaki anajiuliza "hivi mimi nilikubalije ule upuuzi", na hicho ndo kinaifanya iwe bora kwa kazi za siri hata ikiwa na kizimba chake kile cha usumbufu. Na akishinda dadu yake ya kujikinga? Kitabu cha 2014 kinasema speli isiyo na matokeo ya kuonekana au kuhisiwa kwa kawaida mtu hajui kwamba alilengwa, mpaka speli yenyewe iseme vingine. Kwa hiyo Suggestion iliyopitishwa Subtle ikashindwa, unaendelea na mazungumzo, unamuuliza habari za watoto.

Kuna na mwenye Detect Magic, huyo anahisi mambo ndani ya futi 30 na akitaka anaona mng'ao juu ya mtu aliyerogwa, kwa hiyo ukijua ngome ina wizadi wake usimwache mlinzi na Suggestion inayodumu masaa 8 akatembea na mng'ao mpaka kwa mkubwa wake. Wenye leveli kubwa wana Modify Memory ya kusafishia, inafuta au kubadilisha tukio lisilozidi dakika 10 lililotokea ndani ya masaa 24 yaliyopita, ila nayo ina mdomo na mkono, kwa hiyo unarudi hatua ya kwanza.

Hatua ya saba ni ya mezani kwenyewe

Usitangaze. Wachezaji wenzako wakisikia "namroga kwa siri" wote wanaanza kucheza kama wahusika wao wameona, paladini (askari wa dini) anaanza kukukazia macho, hata kama hataki anajikuta. Andika kwenye kikaratasi, mpe DM: speli gani, kwa nani, wambea wangapi wamebaki, umewafichaje. Mimi natumia migongo ya risiti za duka, ninayo bahasha nzima. DM anasoma, anatupa dadu nyuma ya skrini, anatingisha kichwa, mchezo unaendelea, na kapteni wa watu anakuja kugundua wiki ijayo.